Silabi ndogo ya Kiingereza iliyomchoma mpwa wangu

Mpwa wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mariakani, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Hutengeneza milango na madirisha, na kwa kuwa wengi wa wateja wake ni watu wa kipato kidogo, hununua mapipa makuukuu akayakata na kuyafanya majiko makubwa ya kupikia arusini na matangani, ama vihori vya kunyweshea ng'ombe. Mwezi wa Machi mwaka jana alinunua pipa moja tupu kutoka kwa mchuuzi wa vyuma chakavu. Pipa hilo lilikuwa limewahi kubeba thina ya kuchanganyia rangi. Karatasi na picha zote zilizobandikwa ubavuni mwake zilikuwa zimekwisha kubanduliwa na jua na mvua, na kilichobakia ni maneno mawili tu ya Kiingereza yaliyopigwa kwa rangi nyeusi: "Highly inflammable".

Kijana huyu si mbumbumbu. Alimaliza kidato cha nne, na alama yake ya Kiingereza ilikuwa ya kujivunia. Aliyasoma maneno yale, akayapima, akaridhika, kisha akawasha moto wake wa gesi wa kukatia vyuma. Pipa lilipasuka kwa kishindo kilichowatoa watu madukani. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia vidoleni hadi kwapani, na upande mmoja wa shingo pia. Alilazwa hospitalini wiki saba.

Nilipokwenda kumjulia hali, aliniamkia kwa adabu kama kawaida yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mjomba, si wewe uliyenifunza kwamba 'in' ni kinyume?"

Ni mimi. Alipokuwa darasa la saba, dada yangu alikuwa akimleta kwangu kila likizo ili nimnoe katika lugha. Nakumbuka vyema nilivyomwandikia daftarini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, orodha ya viambishi awali vya Kiingereza. Nilimwonyesha kwamba ukiwa na "correct" ukatanguliza "in-" utapata "incorrect", kinyume chake. "Possible" huwa "impossible", "legal" huwa "illegal", "regular" huwa "irregular". Alikariri orodha ile mpaka akaweza kuisema usingizini. Basi miaka mingi baadaye, akiwa amesimama mbele ya pipa, aliitumia hesabu niliyomfunza bila kukosea hata hatua moja. "Flammable" ni kitu kiwakacho. "Inflammable", kwa hiyo, ni kisichowaka. Na kwa vile lilitanguliwa na "highly", basi hakiwaki asilani.

Sikuwa na la kumjibu pale kitandani. Ni aibu kwa mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha isimu chuo kikuu kukiri hadharani kwamba somo lake lilikuwa na tundu, lakini yafaa nikiri. Na la kuchekesha, kama palikuwa na la kuchekesha siku ile, ni kwamba faili iliyoning'inia miguuni pa kitanda chake ilikuwa na neno "inflammation" lililoandikwa na daktari. Hakuna muuguzi aliyelisoma akadhani kwamba kidonda hakina moto.

Mpenzi msomaji, sisi walimu tumezoea kukifundisha kiambishi "in-" kana kwamba ni kimoja. Ukweli ni kwamba viko viwili, vilivyozaliwa mbalimbali, vikakutana njiani na kuvaa kanzu za rangi moja.

Cha kwanza ni hicho tunachokijua, kikanushi. Nasaba yake ni ndefu. Wataalamu wa lugha, kwa kulinganisha Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti, Kijerumani na jamaa zao, wamekisia umbo la lugha mame iliyozizaa zote, lugha ambayo haikuwahi kuandikwa. Katika lugha hiyo, ukanushi wa maneno ulikuwa sauti moja tu ya puani, "n", iliyosimama peke yake kama silabi kamili bila ya irabu. Mzungu huona taabu kuitamka sauti ya namna hiyo, lakini sisi hatuoni ajabu, maana tunayo katika "nchi", na ndugu yake "m" tunaye katika "mtu" na "mke". Sauti hiyo ilipotawanyika na watoto wa lugha ile, kila mmoja aliivalisha irabu yake. Wagiriki na Wahindi wakaifanya "a-" au "an-". Jamii ya Kijerumani, ambamo Kiingereza chenyewe kimo, ikaifanya "un-". Warumi wakaifanya "in-". Ndiposa Kiingereza, ambacho kimerithi kwa wazazi wake na kukopa kwa majirani, kinao ndugu watatu wa tumbo moja: "un-" katika "unhappy", ambaye ni mwenyeji, "in-" katika "invisible", aliyetoka kwa Warumi, na "an-" katika "anonymous", yaani asiye na jina, aliyetoka kwa Wagiriki.

Cha pili si kikanushi hata kidogo. Ni kihusishi cha Kilatini chenye maana ya "ndani", "kuelekea ndani" au "juu ya". Warumi walikiambatisha mbele ya vitenzi kuonyesha kwamba tendo linaingia mahali au kitu kinatiwa katika hali fulani. "Import" ni kubeba na kuingiza ndani. "Inject" ni kutupia ndani, na "inscribe" ni kuandika juu ya kitu. Katika ukoo huu ndimo alimozaliwa "inflammare", kitenzi kilichoundwa kwa "in" na "flamma", yaani mwali wa moto. Maana yake ni kukitia kitu katika miali, kukiwasha. Kitenzi hicho kilipokwisha kukamilika ndipo kikaongezewa mkia wa kuonyesha uwezekano, nacho kikaingia katika Kiingereza mapema katika karne ya 17 kikiwa "inflammable": kinachoweza kutiwa moto.

Utaona basi kwamba ndani ya neno hili "in" na "flamm" ziliungana kwanza, na "able" ikaja baadaye. Mpwa wangu alilikata mahali pasipo na kiungo. Alidhani "flammable" ndilo neno zima na "in-" ni kiraka cha mbele. Kumbe jambo lilikuwa kinyume: "inflammable" ndilo kongwe, na "flammable" ni mtoto aliyeonekana katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1813, zaidi ya miaka mia mbili baada ya mwenzake.

Labda utauliza kama hapana alama yoyote ya kuvitenga viambishi hivi viwili. Hapana. Vyote viwili hubadilika kwa kanuni ile ile ya usilimisho wa sauti. Kila "n" inapogongana na "p", "b" au "m" hugeuka "m". Ikikutana na "l" humezwa ikawa "l". Ikikutana na "r" ikawa "r". Ndiyo maana "illegal" ina ukanushi na "illuminate", yaani kutia nuru, haina. "Irregular" inao, na "irrigate", kuingiza maji shambani, haina. Mswahili asiicheke kanuni hiyo, kwa maana kila siku tunasema ubao na mbao, ulimi na ndimi, na kamba tunaiita ndefu badala ya "nrefu".

Warumi wenyewe, waliovizaa viambishi hivi, hawakusalimika. Neno lao "invocatus" lilikuwa na maana ya mtu aliyeitwa, na papo hapo likawa na maana ya mtu ambaye hakuitwa. "Immutatus" lilimaanisha kilichobadilishwa na pia kisichobadilika. Plautus, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha aliyefariki mwaka wa 184 kabla ya Kristo, aliliona pengo hilo akalifanyia mzaha. Katika mchezo wake uitwao Captivi yumo doezi mmoja kwa jina Ergasilus, mtu wa kuvizia karamu za wenziwe, ambaye anaingia jukwaani akilichezea neno hilo "invocatus", kwa maana yeye kazi yake ni kufika panapoliwa pasi na kualikwa. Watazamaji wa Roma walicheka kwa kuwa walizisikia maana zote mbili kwa pamoja.

Waingereza na Wafaransa wameurithi mkanganyiko huo. Mwingereza wa leo akisema kisiwa fulani ni "inhabitable", ana maana kwamba panakalika. Mfaransa akiliandika neno lilo hilo, herufi kwa herufi, ana maana kwamba hapakaliki. Na hata Uingereza mambo hayakuwa hivyo daima, kwani Shakespeare katika Richard II alilitumia kwa maana hiyo ya Mfaransa. Tena yako maneno ambamo ukanushi umejificha hata wenyewe hawauoni. "Infant", mtoto mchanga, kwa asili ni asiyesema. "Enemy", adui, lilianza safari yake likiwa "inimicus", asiye rafiki, likapitia Ufaransa likapoteza sura. Kisha kuna "invaluable", ambalo limenigombanisha na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja ofisini kwangu amenuna, ameshika insha niliyokuwa nimeisifu kwa neno hilo. Alidhani nimesema haina thamani. Hapo "in-" ni ya kukanusha kweli, lakini kinachokanushwa ni uwezo wa kuikadiria thamani, si thamani yenyewe.

Sasa nisije nikaonekana nawasuta Waingereza kwa upotovu ambao sisi tumeepushwa. La hasha. Kiswahili kinayo mitego ya namna iyo hiyo, ila tumeizoea. Chukua kiambishi "hu-". Kiko "hu-" cha mazoea, kinachothibitisha: ndege huruka, mvua hunyesha. Na kiko "hu-" cha kumkanushia mtu wa pili, kilichotokana na "ha-" na "u-": wewe huruki, wewe huli. Mara nyingi irabu ya mwisho hutuokoa, kwa kuwa vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu hugeuza "a" kuwa "i" katika ukanushi wa wakati uliopo. Lakini vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu havina desturi hiyo. Mtu akikwambia, "Wewe hufikiri sana," je, amekusifu au amekutukana? Na ukisema "husahau", unamsema yule asahauye kila siku au unamsifu huyu asiyesahau kamwe? Kwa herufi, hayo ni mamoja.

Au chukua "kutoweka". Fedha za umma zikiyeyuka, magazeti yetu huandika habari za kutoweka kwake. Lakini kutokuweka akiba benki nako, kwa umbo fupi, ni kutoweka akiba. Kutoweka kwa fedha na kutoweka fedha ni misiba miwili tofauti, ingawa mara nyingine wa pili huzaa wa kwanza.

Kwa nini basi hatugongani vichwa kila uchao? Kwa sababu maneno hayaishi peke yake. Sentensi inayolizunguka neno, kiimbo cha msemaji, uso wake, mahali aliposimama na yaliyosemwa kabla hutuambia ni "hu-" ipi iliyokusudiwa. Doezi wa Plautus alieleweka kwa kuwa alikuwa na jukwaa zima la kumsaidia. Maneno ya pipani hayana msaada huo. Yamesimama yatima juu ya bati, hayana sentensi ya kuyategemeza, wala msemaji wa kuulizwa. Na msomaji wake, akiwa ameshika moto mkononi, huenda asipate nafasi ya kurudia kusoma. Neno la namna hiyo halipaswi kuwa na maana mbili, hata kama mojawapo ni ya makosa na kamusi zote zinaikana.

Jambo hili liliwahi kutambuliwa ng'ambo. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, Chama cha Kitaifa cha Kinga ya Moto kilianza kuhimiza kwamba "flammable" litumike badala ya "inflammable". Nchini Uingereza, Taasisi ya Viwango ilitangaza mwaka 1959 kwamba msimamo wake ni kuhimiza "flammable" na kinyume chake "non-flammable", ili kuepusha utata. Walinzi wa lugha walinung'unika. Walisema hilo ni neno lililokatwa kichwa, kwamba Kilatini kinachafuliwa kwa ajili ya wasiojua Kilatini. Nami, nisifiche, nilikuwa katika kundi hilo. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba "flammable" ni neno la makuli wa bandarini. Sasa nimetubu. Kuli wa bandarini ndiye anayelibeba pipa.

Katika ukumbi wa isimu jina linalotajwa sana kuhusu maneno na moto ni la Benjamin Lee Whorf. Wanafunzi wetu humjua kwa nadharia yake ya kwamba lugha huathiri namna tunavyofikiri, lakini wachache hukumbuka kwamba mkate wake haukutoka chuo kikuu. Alihitimu uhandisi wa kemia mwaka 1918, akaajiriwa mwaka 1919 na kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, na kazi yake hadi alipofariki mwaka 1941 ilikuwa kuchunguza vyanzo vya moto. Katika makala aliyoiandika mwaka 1939 alieleza habari ya mapipa ya petroli. Penye mapipa yaliyojaa watu walikuwa waangalifu mno. Penye mapipa matupu walivuta sigara na kutupa vipande vyake ovyo. Neno "tupu" liliwalaghai. Katika akili zao tupu ni pasipo kitu, na pasipo kitu hapana hatari. Kumbe pipa tupu ndilo baya zaidi, kwani mvuke wa petroli uliobaki umekwisha kuchanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unangoja cheche tu.

Nilipoisoma tena makala hiyo baada ya kutoka hospitalini nilihisi kama kwamba Whorf alikuwa amepita Mariakani. Mpwa wangu alidanganywa na maneno mawili siku moja: "tupu" la Kiswahili na "inflammable" la Kiingereza. Matone machache ya thina yaliyosalia katika mshono wa pipa yalitosha kulijaza pipa zima mvuke. Fundi mkongwe angelijaza maji kwanza, au angekataa kulikata katakata. Lakini fundi mkongwe hakuwapo. Palikuwapo kijana mwenye cheti cha shule na orodha ya mjomba wake.

Sipendi kulitwika neno mzigo usio wake. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, katika barabara ya kutoka Nakuru, na zaidi ya watu 100 wakaangamia kwa moto walipokuwa wakiyachota mafuta. Tarehe 12 Septemba 2011, bomba la mafuta lilivuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, yakatokea mauti ya kadiri hiyo hiyo. Wale hawakukosa kujua kwamba petroli huwaka. Waliua hofu yao kwa sababu ya umaskini, na hapana kiambishi kinachoweza kutibu hilo. Lakini ajali za kimyakimya za vibandani, za mafundi wa mapipa, makopo na mitungi, hazifiki magazetini, na katika hizo neno lina sehemu yake.

Malori yapitayo mbele ya kibanda cha mpwa wangu yana alama ya kimataifa, ile ya mraba mwekundu uliosimamishwa kwa pembe yake na picha ya mwali ndani, na chini yake namba 1203 kwa petroli. Ni alama nzuri. Lakini alama hubanduka, na namba haimwambii kitu asiyefunzwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu ya bidhaa ya kuua kuuzwa katika nchi hii ikiwa na onyo la lugha moja, tena kwa neno ambalo wenye lugha yao wamelitilia shaka. "Huwaka upesi" ni maneno mawili tu. Nimekwisha kuyapima kwa mizani ile ile niliyoipimia "hufikiri": "waka" ni kitenzi cha Kibantu, hivyo "huwaka" haliwezi kugeuka likawa ukanushi, kwani ukanushi wake ni "huwaki", na hilo huambiwa mtu, haliambiwi pipa.

Mpwa wangu amerudi kazini. Mkono haujanyooka vizuri, lakini anashika brashi. Kila pipa linaloingia kibandani mwake sasa hulijaza maji hadi mdomoni kabla ya kulikaribia na moto, na lile ambalo hajui lilibeba nini hulirudisha kwa mchuuzi. Kuhusu daftari langu la viambishi, dada yangu aliniambia lingalipo. Mdogo wake mpwa wangu, aliye shule ya sekondari, ndiye analolitumia siku hizi kujiandalia mitihani. Nimemtumia ujumbe mara mbili nikimwomba aniletee nilisahihishe ule ukurasa. Amenijibu kwamba atalileta likizo hii.